Utalii wa Utamaduni Kijijini Kigoma: Mwongozo Kamili wa Kugawana Kazi, Kero na Mapato

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, lakini mwenyeji yupi? Mwenye boti? Kijana anayejua Kiingereza? Mwenyekiti wa kijiji? Au mama aliyeanika dagaa mwaloni, pale ufukweni boti za uvuvi zinapofikia, wageni wakapita juu ya dagaa wake wakipiga picha, wakaondoka bila hata kumsalimia?

Vijiji vingi huanza utalii wa utamaduni kwa shangwe, kisha ndani ya msimu mmoja au miwili watu hawasemeshani. Wageni walikuwepo na fedha ziliingia. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio: watu walikaa kugawana mapato kabla ya kujua nani anasumbuliwa na huo utalii. Mwongozo huu unaanza na aliyesumbuliwa, ndipo unakuja kwenye fedha.

Nimewalenga watu wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, hasa vile vilivyo kwenye njia ya boti zinazotoka Kibirizi, karibu na Kigoma mjini, kwenda Hifadhi ya Gombe hadi kijiji cha Mwamgongo. Wa milimani, Kalinzi au Manyovu, wanaweza kuutumia pia. Pale ninaposema dagaa wao wasome kahawa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kaunta buku mbili: moja ya wageni, moja ya fedha. Usichanganye.
- Kitabu cha stakabadhi chenye nakala.
- Ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji. Kama kijiji hakina, tumia karatasi za manila na kalamu za rangi.
- Akaunti yenye jina la kikundi na watia saini watatu, pamoja na lipa namba ya kikundi. Namba ya simu ya mtu binafsi haifai hata kwa wiki moja ya kuanzia.
- Kalenda inayoonyesha mwandamo wa mwezi. Sababu utaiona kwenye hatua ya pili.
- Ubao wa kuandikia bei na mgawo, wa kuwekwa mahali ambapo kila mtu anapita.
- Mtu wa kuongoza vikao asiye na boti, asiye na nyumba ya wageni na asiyegombea uongozi. Mwalimu mstaafu au muuguzi hufaa sana.
- Muda usiopungua miezi mitatu kabla ya mgeni wa kwanza anayelipa.

Bajeti ya haya yote ni ndogo. Kama kuna anayekushauri ukope kwanza ili ujenge bandari ndogo na banda la kulia, mwache aendelee kuzungumza. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo na ina faida yake, lakini ni deni. Subiri msimu mmoja upite ujue wageni ni wangapi.

## Hatua ya 1: Pitia serikali ya kijiji, kisha mkutano mkuu

Peleka wazo kwa mtendaji wa kijiji ili liingie kwenye ajenda ya halmashauri ya kijiji. Hiki ni chombo cha wajumbe 15 hadi 25 na ndicho chenye mamlaka ya kuandaa sheria ndogo. Halafu lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana sauti. Mkutano huu unatakiwa ufanyike angalau kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo ilipotoka ile miezi mitatu niliyoitaja juu.

Kwa nini usimalizane na mwenyekiti tu, hasa kama ni rafiki yako? Kwa sababu wenyeviti hubadilika. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, na hufanyika kila baada ya miaka mitano. Makubaliano yaliyo kichwani mwa mwenyekiti mmoja huondoka naye, na anayemfuata huona utalii kama mradi wa mpinzani wake.

Mkutano ukubali mambo mawili tu kwa sasa: kwamba kijiji kinataka kujaribu, na kwamba kuna kamati ya watu saba au tisa ya kufanya maandalizi. Usiruhusu mjadala wa fedha siku hiyo. Utazuka, na mwenyekiti wa kikao auahirishe.

Tahadhari: kamati iliyojaa watu wa kitongoji kimoja, mara nyingi kile cha ufukweni, imekwisha kushindwa. Wa vitongoji vya juu wawemo tangu mwanzo.

Utajua umefaulu ukiwa na muhtasari uliosainiwa, wenye orodha ya mahudhurio, na nakala yake ipo kwa mtendaji na kwa kamati.

## Hatua ya 2: Orodhesha kero, kundi kwa kundi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. Pia ndiyo ndefu kuliko zote, kwa hiyo usione tabu kuifanya kwa mwezi mzima.

Kwanza tembea njia yote ambayo mgeni atapita, kuanzia boti inapotia nanga mpaka atakapokula. Itembee alfajiri, adhuhuri na jioni. Mwalo wa saa 12 asubuhi, boti zinaporudi na dagaa, haufanani na mwalo wa saa nane mchana. Chora kwenye ramani kila mtu anayefanya kazi kwenye njia hiyo.

Kisha kaa na kila kundi peke yake. Wanawake wanaoanika dagaa hawatasema lolote la maana wakiwa wamekaa na wenye vyombo vya uvuvi, kwa sababu dagaa wenyewe wananunua kwao. Vijana hawatasema mbele ya wazee. Wavuvi watafute siku za mbalamwezi. Uvuvi wa dagaa unategemea taa, ziwe karabai au za sola, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa vizuri, hivyo wengi hupumzika. Siku za giza wako ziwani usiku kucha na mchana wamelala. Ukiitisha kikao siku hizo utawapata wasiovua.

Kila kundi liulizwe maswali matatu, na majibu yaandikwe kwa maneno yao:

1. Wageni wakija, wewe unapoteza nini?
2. Kifanyike nini uone ni haki?
3. Kipi hukitaki kabisa, hata kwa fedha?

Haya ndiyo mambo ambayo mara nyingi hujitokeza.

Waanikaji dagaa. Wanapoteza nafasi ya mchanga au vichanja, na wanapoteza muda wa kugeuza dagaa kwa sababu wanaulizwa maswali. Lakini kinachowauma zaidi ni mgeni anayeziba pua mbele yao. Hilo halilipwi kwa shilingi. Linazuiwa kwa kiongozi wa wageni kuwaandaa watu wake kabla hawajashuka botini.

Wavuvi. Hawataki kelele mchana wa siku za giza. Hawataki boti ya watalii yenye taa kali kukatiza usiku karibu na taa zao. Baadhi hawataki picha ya nyavu zao na hawatasema kwa nini. Msiwabane. Suala la nyavu zisizoruhusiwa lina wenyewe, yaani BMU (vikundi vya jamii vya kusimamia uvuvi mwaloni) na maofisa uvuvi, na utalii ukiligeuza kuwa lake utapoteza kundi zima la wavuvi kwa siku moja.

Wenye michikichi na wakamuaji wa mawese. Njia inapita shambani mwao. Pia mgeni akisimama karibu na pipa linalochemka, kazi husimama, na kama ataungua lawama ni za mwenye pipa.

Walimu na wazazi. Watoto hutoroka shule kufuata wageni, wakiomba kalamu na pipi. Tabia hii ikishaota mizizi ni ngumu kuing'oa, hivyo kataza zawadi za mkononi tangu siku ya kwanza. Anayetaka kusaidia shule aende kwa mwalimu mkuu, na msaada huo uandikwe.

Wazee. Makaburi, sehemu za matambiko, miti fulani. Sikiliza na uandike. Usiombe sababu.

Vitongoji vya mbali na ziwa. Hawa hawapati mgeni wala kero, ila wanapandiwa bei ya samaki na mboga pale nyumba za chakula zinaponunua kwa wingi. Nao ni wanakijiji, na mfuko wa kijiji ni wao pia.

Hifadhi. Kama wageni wenu wanaendelea kwenda Gombe, watu wa hifadhi wana neno la haki kabisa: sokwe huambukizwa magonjwa ya binadamu, hasa ya njia ya hewa. Mafua ya kijijini yanaweza kufika msituni ndani ya kifua cha mtalii. Mkubaliane kwamba nyumba yenye mgonjwa wa kikohozi haipokei wageni wiki hiyo, na kwamba haihesabiwi kuwa imepoteza zamu yake.

Wakala wa mjini. Ni rahisi kumwona kuwa ni mnyonyaji. Wakati mwingine ni kweli. Lakini naye ana anachokitaka: bei isiyobadilika katikati ya msimu, choo kisafi, na mtu wa kupokea simu. Akikosa hayo hatarudi, na hatawaambia kwa nini.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi moja kwa kila kundi, na kila kundi likisomewa karatasi yake linasema, "Ndiyo, hayo ni maneno yetu."

## Hatua ya 3: Tengeneza orodha ya hapana

Chukua majibu ya swali la tatu, yaunganishe kwenye ukurasa mmoja na uyapeleke kwenye mkutano mkuu yapitishwe. Mahali pasipoingiwa, nyakati zisizofaa, picha zisizopigwa. Picha za watoto ziwe kwa ruhusa ya mzazi, na za mwanakijiji yeyote kwa ruhusa yake.

Msijadili kama kila hapana ina mantiki. Kundi likijua hapana yake inaheshimiwa, linakuwa tayari kutoa ndiyo nyingi.

## Hatua ya 4: Amueni mnaonyesha nini, na cha nani

Vijiji vya mwambao vimechanganyika. Utakuta Waha, Wajiji, Wabembe, Wamanyema, Wabwari, Watongwe, na ndoa zao zimeingiliana mpaka huwezi kuzifumua. Kijiji kinapotangaza "utamaduni halisi wa kabila fulani", nusu ya wakazi wanageuzwa kuwa wapangaji kwao wenyewe.

Kanuni inayofanya kazi ni hii: kila kundi linajieleza lenyewe au halielezwi. Kijana asiye wa familia fulani asisimulie maziko yao wala ndoa zao kwa sababu tu Kiingereza chake ni kizuri.

Mimi napendelea kazi za kila siku kuliko maonyesho. Kukamua mawese, kushona nyavu, kuanika dagaa, kutengeneza sabuni ya mise (kokwa za michikichi), kupika ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka. Kazi hizi zingefanyika hata mgeni asipokuja, kwa hiyo hakuna hasara siku ambayo boti haikufika. Ngoma ni kitu kingine. Ngoma inahitaji watu 15 au 20 waache kazi zao na wagawane malipo ya kundi moja la wageni. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Ziwekeni ngoma kama huduma ya kuagizwa siku kadhaa kabla, kwa bei yake yenyewe, na malipo ya awali yawe yameingia.

Tahadhari: Serikali ikifunga ziwa kwa uvuvi, kama ilivyofanya kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hakuna "kuvua kidogo kwa ajili ya wageni". Ni kosa la kisheria. Kipindi hicho hata hivyo kinaangukia msimu wa kiangazi ambao wageni ni wengi, na wavuvi wako nyumbani bila kipato. Wapeni kipaumbele cha kushona nyavu, kutengeneza mitumbwi na kuongoza matembezi. Pia tangulieni kuwaambia mawakala kwamba mwaloni hapatakuwa na dagaa wabichi.

## Hatua ya 5: Pangeni bei, kisha mgawo

Sasa fedha. Makosa mawili hurudiwa karibu kila mahali.

Kosa la kwanza ni bei ya kichwa pekee. Tuseme mmepanga shilingi 35,000 kwa mgeni mmoja. Kundi la watu wanne linaleta 140,000 na kila mtu anafurahi. Kesho anakuja mgeni mmoja peke yake. Kiongozi wa wageni analipwa 20,000, mkamuaji wa mawese 12,000, mvuvi anayeonyesha nyavu 12,000, chakula 7,000. Jumla 51,000. Mmepata 35,000. Deni la 16,000 litabebwa na nani? Kwa kawaida na mama wa chakula, kwa sababu yeye ndiye hulipwa wa mwisho.

Kigoma hupokea wageni wengi wa mmoja mmoja na wawili wawili. Kwa hiyo gawanya bei mara mbili: ada ya kundi na ada ya kichwa. Kwa mfano, 60,000 kwa kundi lolote, na 20,000 kwa kila mgeni. Wanne wanalipa 140,000 ileile. Mmoja analipa 80,000, na baada ya gharama ya 51,000 inabaki 29,000. Hizi ni namba za mfano. Wekeni za kwenu, ila umbo libaki hilo.

Kosa la pili ni kusema "kijiji kipate asilimia 40" bila kusema ya nini. Ikiwa ni ya mapato yote, 140,000 inatoa 56,000 kwa kijiji. Zinabaki 84,000. Wafanyakazi wa siku hiyo pamoja na chakula cha wageni wanne ni 72,000. Kwa choo, kwa waanikaji dagaa na kwa akiba zinabaki 12,000. Ndani ya miezi michache choo kimeharibika na waanikaji wamechukia.

Utaratibu ninaoupendekeza:

Kwanza, lipa kazi. Aliyefanya kazi alipwe siku hiyohiyo, kwa kiwango kilichoandikwa ubaoni. Kwenye mfano wetu ni 72,000.

Pili, gawa kinachobaki. Ni 68,000. Mfano wa mgawo:

- Mfuko wa kijiji, asilimia 40: 27,200
- Usafi na matengenezo ya choo, njia na gati, asilimia 25: 17,000
- Fidia ya kero, asilimia 20: 13,600
- Akiba ya msimu mbaya, asilimia 15: 10,200

Fidia ya kero ndiyo mpya kwa watu wengi, na ndiyo itakayopingwa. Watauliza, "Kwa nini alipwe mtu ambaye hakufanya kitu?" Jibu liko kwenye karatasi za hatua ya pili. Amepoteza nafasi na muda wake ili wengine wapate. Fedha hii iende kwa makundi yaliyotajwa, na iende jioni ileile kwa sababu kero ilikuwa ya siku ile. Mfuko wa kijiji unaweza kusubiri mwisho wa mwezi.

Fidia hii iwe ya kikundi, kwa mfano kikundi cha waanikaji wa mwalo ule, wao wenyewe waamue kama wanagawana au wananunua mbao za vichanja. Ukianza kulipa mtu mmoja mmoja, kesho utakuta watu wameanika dagaa njiani makusudi.

Bakshishi nayo iamuliwe mapema. Ama ni ya aliyepewa, ama inaingia kwenye boksi la wafanyakazi wa siku hiyo. Chaguo lolote ni sawa, mradi mgeni ameambiwa.

Wakala wa mjini auziwe kwa bei ya kijiji, na faida yake aiongeze juu mwenyewe. Msikubali kulipwa asilimia ya bei yake, maana hamtaijua kamwe.

Utajua umefaulu pale mtoto wa darasa la saba anaposoma ubao na kukokotoa kila mtu anapata kiasi gani kundi la watu watatu likija.

## Hatua ya 6: Pangeni zamu

Nyumba za kulala, wapishi, wakamuaji na wavuvi wote waingie kwenye orodha ya zamu inayobandikwa ukutani. Zamu ikifika na mtu hayupo, inaenda kwa anayefuata, na aliyekosa anasubiri mzunguko.

Mgeni akiomba nyumba fulani kwa jina, kwa sababu rafiki yake alilala pale, apewe. Nyumba hiyo ihesabiwe imetumia zamu. Bila kanuni hii ndogo, mwenye nyumba nzuri atawachukua wote na ataonekana mchawi.

## Hatua ya 7: Lindeni ardhi kabla mwekezaji hajafika

Mara wageni wakizoeleka, atakuja mtu na gari zuri kutaka ufukwe. Huenda ni mwekezaji wa kweli. Mjiandae kwa mambo matatu.

La kwanza: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, siyo umiliki. Mwenyekiti hawezi kuuza ufukwe mezani kwake. Asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji moja kwa moja. Njia yake inapita serikalini, kwa ajili ya uwekezaji.

La pili: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hoteli juu ya mchanga, kama inavyoonekana kwenye picha za watu wengine, hapa haifai hata kama mwekezaji ana haraka. Banda lenu wenyewe pia lihesabu hizo mita 60.

La tatu: kama kijiji hakina mpango wa matumizi bora ya ardhi, anzeni kuuomba halmashauri ya wilaya sasa. Mahali pa kuanikia dagaa, pa kuegesha mitumbwi na njia ya kuchotea maji paandikwe humo kuwa ya jumuiya. Mama mwenye vichanja hana hati ya ule mchanga. Mpango huo ndio kinga yake.

Tahadhari: mkataba wowote wa zaidi ya mwaka mmoja usomwe na ofisa ardhi na mwanasheria wa halmashauri kabla ya mkutano mkuu. Ukiletwa mkataba wa Kiingereza, ombeni wa Kiswahili, nao usomwe kwa sauti wote wakiwepo.

## Hatua ya 8: Leseni na usalama

Hapa nitakwenda haraka kwa sababu ofisi zenyewe zitawaelekeza. Kikundi kisajiliwe kupitia ofisa maendeleo ya jamii. Biashara ya kuongoza watalii inahitaji leseni, ile ambayo watu huiita TALA, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Muulizeni ofisa utalii wa halmashauri ni daraja lipi linawahusu vikundi vya utamaduni. Nyumba za kulaza wageni zizungumze na ofisa biashara kabla ya kupokea mtu.

Boti iwe imekaguliwa na TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu, siyo sawa na idadi ya Wazungu. Nahodha naye avae. Ziwa hili huchafuka ghafla. Nahodha akisema hatuondoki, hakuna wakala wala mwenyekiti wa kumpinga, na asikatwe malipo yake ya siku.

Kila mgeni aandikwe kwenye kaunta buku ya wageni: jina, nchi, namba ya pasipoti, tarehe ya kuingia na kutoka. Kigoma ni mkoa wa mpakani, na mtendaji wa kijiji ataulizwa.

## Hatua ya 9: Jaribuni kwa wageni wa nyumbani

Kabla ya mtalii wa nje, alikeni watu wa Kigoma mjini au Ujiji: walimu, wafanyakazi wa benki, wanachuo. Walipe nusu bei. Walipe kweli, kwa sababu mnajaribu njia ya fedha kama mnavyojaribu njia ya miguu.

Wageni wa nyumbani wana faida ambayo watu huidharau. Wanajua ugali mbaya. Wanajua pia kusoma sura ya mwenyeji aliyechukia, na watawaambia kwa Kiswahili bila kuzunguka.

Jioni yake rudini kwa kila kundi na zile karatasi za kero. Kipi kilitokea? Kipi hakikutarajiwa? Rekebisheni njia, siyo mgawo. Mgawo ukibadilishwa baada ya siku moja, watu watazoea kuudai ubadilishwe kila siku.

Utajua umefaulu kama fedha za jaribio zimegawanywa kabla ya giza, stakabadhi zipo, na kundi la fidia limesaini kupokea.

## Hatua ya 10: Someni hesabu hadharani, na wekeni njia ya malalamiko

Kila mkutano mkuu, mweka hazina asome: makundi mangapi yalikuja, kiasi gani kiliingia, nani alilipwa, mfuko una nini. Akaunti isomwe na taarifa ya benki au ya simu ikiwa mkononi. Hesabu za mdomo hazikubaliki, hata kama mweka hazina ni mcha Mungu.

Mfuko wa kijiji utumike kwa kitu kinachoonekana mapema, hata kama ni kidogo. Bomba lililokuwa limekufa likitoa maji kwenye kitongoji cha juu, wale wasioona mgeni watakuwa na sababu ya kuulinda utalii.

Malalamiko yapokelewe na watu wawili, mwanamke na mwanaume, wasio kwenye kamati. Yajibiwe ndani ya siku saba. Mtu akilalamika kuhusu kiongozi wa wageni, kiongozi huyo akae nje zamu moja wakati suala linaangaliwa, bila kuhukumiwa. Kama lawama ni dhidi ya mjumbe wa kamati, suala lipelekwe kwa mtendaji wa kata.

Mgawo na bei vipitiwe mara moja kwa mwaka, mwezi Machi au Aprili, kabla ya kiangazi na kabla mawakala hawajauza safari za Juni. Karatasi za kero zisomwe upya siku hiyo, maana kundi lisilokuwa na neno mwaka jana linaweza kuwa nalo mwaka huu. Mkishakubaliana, futeni ubao, andikeni bei mpya mbele ya watu wote, kisha katibu apige picha ubao huo na kuutuma kwa kila wakala jioni hiyohiyo.